Kicheko si utovu wa nidhamu: barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya ualimu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania,
Kwa wakuu wa vyuo vya ualimu,

Yah: Video za vichekesho katika kufundisha falsafa

Ndugu viongozi, nawasalimu kwa heshima. Shikamooni kwa mnaostahili.

Mimi ni mkufunzi wa misingi ya elimu katika chuo cha ualimu. Ndani ya somo hilo mna mada za falsafa, na wanachuo wengi huzipokea kama dawa chungu: wanafumba macho, wanameza, wanasubiri mtihani upite. Kwa muda mrefu niliona kosa ni lao. Sasa najua sehemu kubwa ilikuwa yangu, na sehemu iliyobaki iko mezani kwenu. Ndiyo maana naandika.

Mwaka jana, Jumanne moja saa nne asubuhi, mthibiti ubora alipita dirishani kwangu akakuta darasa zima linacheka. Wengine walikuwa wamelalia madawati, mbavu hazina. Ukutani palikuwa na picha ya projekta, na katika picha hiyo kijana wetu mmoja ameshika kuku aliyenyonyolewa. Mthibiti hakuingia. Aliandika kwenye daftari lake akaendelea na ukaguzi. Juma lililofuata niliitwa ofisini nikasomewa sentensi moja: darasa halina utulivu, mkufunzi anaonesha vichekesho wakati wa kipindi. Mkuu wangu aliniambia kwa upole, wala hakunigombeza, kwamba wazazi hawakuwaleta watoto wao chuoni waje kucheka. Tangu siku hiyo, kwangu mimi projekta huombwa kwa barua.

Siandiki kuwashitaki hao wawili. Kwa walichokiona, pengine hata mimi ningeandika hivyo hivyo. Naandika kwa kuwa hakuna aliyebaki kuona dakika zilizofuata, na dakika hizo ndizo zilizokuwa somo.

Naomba niwaeleze kilichokuwa kikiendelea. Tulikuwa kwenye mada ya fasili, yaani namna ya kueleza kitu ni nini. Inasimuliwa kwamba Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimfasili binadamu kuwa ni mnyama wa miguu miwili asiye na manyoya, watu wakampigia makofi. Diogenes wa Sinope, mtu aliyeishi kifukara kwa kupenda kwake na asiyemwogopa yeyote, akamnyonyoa kuku, akaingia naye darasani mwa Plato, akasema: huyu hapa binadamu wa Plato. Ikabidi fasili iongezwe maneno: mwenye kucha bapa. Kisa hicho kiliandikwa karne nyingi baadaye na mtu mwingine mwenye jina hilo, Diogenes Laertius.

Kwa miaka nilikuwa nikiandika ubaoni: fasili njema isiwe pana mno wala finyu mno. Wananakili. Kwenye mtihani wananirudishia sentensi ile ile, herufi kwa herufi. Halafu swali linalofuata linawataka wafasili elimu, nao wanaandika kwamba elimu ni kile mtu anachokipata shuleni. Hawakuwa wavivu. Sentensi ile haikuwahi kuwagusa popote.

Mara hii niliwaachia wanachuo watano watengeneze video ya kisa hicho kwa simu. Kuku waliazima jikoni, na mpishi aliwapa kwa sharti moja tu, arudi sufuriani kabla ya saa sita. Aliyeigiza Plato alijifunga shuka la kitanda, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na wanafunzi wake wakawa wanaitikia "Ndiyo mwalimu!" kwa kila anachosema, hata anapokohoa. Diogenes akaingia na kuku wake, akamkalisha kwenye dawati, akamwekea daftari na kalamu, akaanza kuita mahudhurio. "Binadamu namba arobaini na mbili!" Kimya. Kuku akaegemea upande, akaanguka. "Mtoro," akasema Diogenes, akaweka alama. Video nzima haifiki dakika tatu. Hapo ndipo mthibiti alipopita.

Nikazima projekta. Nikauliza: Diogenes amemfanya nini Plato? Mmoja akasema amemtukana. Mwenzake akakataa: mbona hakusema neno baya hata moja? Wakavutana kidogo, mpaka binti aliyekaa karibu na mlango akasema: "Amekubali maneno yake yote. Ndiyo maana Plato ameshindwa." Ndugu viongozi, nilikuwa nimehangaika miaka kadhaa kufundisha jambo hilo. Namna moja ya kuipima hoja ya mtu ni kuikubali yote, halafu uone inakufikisha wapi.

Nikawaambia wairekebishe fasili. Wakaongeza kucha bapa, kama wale wa zamani. Mwingine akauliza, na nyani je? Wakaongeza anayesema. Na kasuku? Na bubu? Tukaendelea hivyo, kelele na vicheko, hadi mwanachuo mmoja mtu mzima, aliyefundisha miaka mingi kabla ya kurudi masomoni, aliposema taratibu kutoka nyuma: "Baba yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Anao mmoja. Kwa fasili hii yeye yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Darasa lilinyamaza kimya ambacho hakuna mkufunzi anayeweza kukiamrisha. Kutoka hapo tulizungumza kwa muda wote uliobaki juu ya tofauti ya sifa ambazo watu wengi huwa nazo na sifa inayomfanya mtu awe mtu. Kijana mmoja akakumbuka kwamba Kiswahili kina jibu lake. Tunaposema "yule si mtu" juu ya jirani aliyemfukuza mjane kwenye shamba lake, hatuhesabu miguu wala hatuangalii kucha. Tunasema hana utu. Kwa hiyo neno "mtu" kwetu lina vipimo viwili, cha mwili na cha matendo, na mtu anaweza kupita kimoja akafeli kingine. Swali lililofuata lilikuwa zito: je, aliyekosa utu bado anastahili haki za mtu? Kengele ikalia. Waliendelea kubishana njiani kwenda bwaloni, nikiwasikia.

Ningefikaje hapo kwa kuandika ubaoni? Labda kuna mkufunzi anayeweza. Mimi sikuweza.

Sababu yenyewe si fumbo. Kichekesho kizuri ni hoja fupi. Kinakupeleka njia moja, unatarajia kufika mahali fulani, mara unajikuta pengine. Mwanafalsafa Mjerumani, Kant, aliliona jambo hilo mwaka 1790 alipoeleza kicheko kuwa ni matarajio yaliyokazwa yanayogeuka ghafla kuwa si kitu. Anayecheka amekwisha kuuona ufa katika hoja, ila hajapata maneno ya kuueleza. Kazi ya mwalimu ni kuzima video wakati huo huo na kumpa nafasi ayatafute. Asipoizima, basi mthibiti yuko sahihi: yale yamekuwa maonesho tu.

Wala jambo hili halikuja na intaneti. Ni nani kati yenu ambaye hakusimuliwa Abunuwasi? Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na ndogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea zote mbili kwa furaha. Alipoazima tena hakurudisha, sufuria imefariki. Jirani akawaka: sufuria gani hufa? Ile ile iliyozaa. Wanachuo wangu wamekiigiza kisa hiki kwa mtungi wa gesi wa kilo 15 uliozaa mtungi wa kilo 6, na muuza duka anayempokea "mtoto" kwa kumpangusa vumbi na kumtafutia mahali pa kulala kwenye shubaka. Unacheka, halafu unaulizwa: kosa la muuza duka lilianza wapi? Wengi husema lilianza alipodanganywa kuhusu kifo. Inachukua muda mpaka mmoja agundue kwamba lilianza siku ya uzazi, alipoikubali kauli ya uongo kwa sababu ilimletea faida, kwa hiyo akajinyima haki ya kuikataa kauli ya pili, ndugu yake. Mara hiyo darasa likaanza kuzungumzia upatu wa mitandaoni, ule unaokuahidi elfu kumi izae elfu hamsini kwa wiki. Sikuutaja mimi. Waliutaja wao, na wawili kati yao walikuwa wamepoteza ada.

Serikali yetu nayo imewahi kufundisha kwa njia hii. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na watu waliokuwa hawataki kusikia hotuba ya uzazi wa mpango wala ya UKIMWI walikaa karibu na redio wamsikie Mkwaju, dereva wa lori, na vituko vyake. Hakuna aliyesema wananchi wanapotezewa muda. Kwa nini kinachofaa kwa mwananchi nyumbani kisimfae mwalimu tarajali darasani?

Sasa niseme juu ya lugha, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi. Video nyingi nzuri za falsafa zenye ucheshi ni za Kiingereza, tena cha kasi. Ipo moja ambayo walimu wa falsafa duniani wanaipenda, iliyotengenezwa na wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, kwa ajili ya televisheni ya Ujerumani mwaka 1972. Wanafalsafa wa Ugiriki wanacheza mpira na wanafalsafa wa Ujerumani. Mwamuzi ni Confucius, mwanafalsafa wa China. Filimbi inalia, na badala ya kucheza wote wanaanza kuzunguka uwanjani wakiwaza, mikono videvuni, mpira umewekwa katikati hauguswi. Karibu na mwisho Archimedes anapata wazo: tuupige mpira! Dakika ya 89 Socrates anafunga kwa kichwa. Wajerumani wanamzonga mwamuzi. Hegel na Kant wanatoa hoja nzito za kuonesha kwamba goli lile halina uhalisi wowote, na Marx anasema ilikuwa ofsaidi.

Mara ya kwanza niliionesha kama ilivyo. Wanachuo walisikia watu wakizungumza, wakatazama nyuso za wenzao kujua kama hapa ni pa kucheka. Ilinisikitisha sana. Nikakumbuka vibanda umiza vya ujana wangu, benchi za mbao, jasho, na sauti ya Lufufu ikitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili mpaka mtu asiyejua neno la Kiingereza akatoka anasimulia kila kitu. Kipindi kilichofuata nikazima sauti, nikasimama kando ya ukuta, nikatangaza mechi ile mimi mwenyewe kama mtangazaji wa redio. Darasa la mashabiki wa Simba na Yanga halihitaji kuelezwa ofsaidi. Nilipouliza kwa nini maneno ya Marx ndiyo yanayochekesha kuliko ya wote, kijana wa mbele hakusita: "Kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeangalia uwanja." Kwa sentensi hiyo nikafundisha tofauti ya udhanifu na uyakinifu, kati ya anayeanza na mawazo na anayeanza na vitu vilivyopo, na mpaka leo hawajaichanganya.

Nakiri kwamba ipo hatari, na msingekuwa wasimamizi wema kama msingeiuliza. Vichekesho vingi vinavyozunguka kwenye simu zetu vinamcheka kigugumizi, vinamcheka mwenye lafudhi ya kikwao, vinamcheka mwanamke mnene, vinamcheka mlemavu. Hivyo sivileti darasani, na mwalimu yeyote anayevileta aonywe. Historia ya falsafa yenyewe imebeba kovu la jambo hili. Mwaka 423 KK Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuigiza, aliwachekesha Waathene kwa mchezo wa Mawingu, Socrates akining'inizwa ndani ya kapu kama mtu asiye na akili anayechungulia anga. Miaka 24 baadaye Socrates akiwa kizimbani, kwa mujibu wa Plato, aliwaambia waamuzi kwamba washitaki wake wa zamani ni wale waliowajaza watu picha ile, akautaja mchezo wa kuchekesha. Alihukumiwa kifo. Kwa hiyo nawafundisha wanachuo wangu kuuliza swali hili kwa kila video: tunacheka hoja, au tunacheka mtu? Kwenye kisa cha kuku tulicheka fasili. Plato alibaki na heshima yake, akapata nafasi ya kujisahihisha.

Hatari ya pili ni uvivu wangu na wa wenzangu. Ni rahisi kuweka video Ijumaa mchana ili kipindi kipite. Ndiyo sababu siombi ruhusa ya jumla ya kuonesha lolote wakati wowote. Naomba mwongozo.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjenge mtu mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kutoka kwa wengine na kuchagua kipi akatae na kipi akirekebishe kimfae. Hayo yamo katika vitabu vyetu. Najua yanavyofundishwa, kwa kuwa hata mimi nimeyafundisha hivyo: kama orodha ya kukariri, akili ya kudadisi ikiwa nambari fulani katika orodha, alama moja. Mwanachuo anaweza kuiandika akapata alama zote bila kudadisi chochote tangu aingie chuoni. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 inasisitiza umahiri na fikra tunduizi, yaani kuipima hoja kabla ya kuikubali. Maneno mazuri mno. Lakini mwalimu atakayekwenda kumfundisha mtoto wa darasa la tatu kufikiri kitunduizi ni huyu huyu aliyekaa kwangu kimya akinakili. Kama hakuwahi kuona hoja ikianguka mbele ya macho yake, ataitambuaje itakapoanguka kwenye daftari la mtoto?

Ninachoomba ni hiki. Wizara itoe waraka, hata wa ukurasa mmoja, unaoeleza kwamba video fupi ya kuchekesha inayofuatwa na mjadala ni zana halali ya kufundishia, ili mkufunzi asijitetee kila mara ofisini na mthibiti ubora ajue cha kuangalia anapokuta darasa linacheka: akae, aone kama swali linafuata. Waraka huo huo utufafanulie kwa lugha nyepesi ni kazi zipi za watu tunaruhusiwa kuzionesha darasani kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, maana wengi wetu tunaogopa bila kujua tunachokiogopa.

Taasisi ya Elimu ina maktaba yake ya mtandaoni. Naomba iwekwe humo rafu ya falsafa kwa Kiswahili: video za dakika mbili, tatu, zilizotengenezwa hapa nchini, nyepesi kiasi cha kupakuliwa kwa bando la mwalimu wa kawaida na kupelekwa kwa flashi hadi chuo ambacho umeme wake ni wa kubahatisha. Wachekeshaji tunao. Nchi iliyomlea Mzee Majuto haiwezi kusema haina watu wa kuchekesha wenye akili pevu. Walipwe, wakae na wakufunzi, watoe kitu. Kuna pikipiki ya bodaboda iliyobadilishwa injini, magurudumu, tangi na fremu hadi hakuna kilichobaki cha zamani, na fundi aliyeviokota vile vya zamani akaunda nyingine. Ipi ndiyo ile aliyoiacha marehemu? Swali linalofanana na hilo Wagiriki waliliuliza juu ya merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja. Kwetu lingechezwa gereji, na mtoto yeyote angelielewa. Na shule isiyo na skrini isiachwe nyuma: kila video iambatane na maelezo ya kuiigiza, kwani kuku wa Diogenes hahitaji umeme.

Baraza la Mitihani nalo naliomba, kupitia kwenu, liweke walau swali moja linalompa mwanachuo hoja yenye kasoro na kumtaka aioneshe kasoro hiyo kwa maneno yake. Swali hilo lisipokuwepo, hata video bora kuliko zote itakuwa pambo, kwa sababu wanachuo wana akili ya kutosha kujua kinacholipwa alama na kisicholipwa.

Mkipenda kuona kabla ya kuamua, kipindi changu cha fasili kipo Jumanne saa nne asubuhi, na wanachuo wa mwaka huu wanatengeneza video yao wenyewe. Mlango utakuwa wazi na viti vya wageni vitawekwa nyuma. Naomba jambo moja tu, mbaki mpaka kengele ilie.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkufunzi wa misingi ya elimu